Madirisha ya Kunduchi: shajara ya kutoa luva na kuweka aluminiamu, Januari mpaka Mei 2024

Jumamosi 13 Januari

Naandika hii kwa sababu mimi mwenyewe nilitafuta mtu aliyeeleza hatua kwa hatua nikakosa, nilichopata ni picha za madirisha yanang'aa na namba ya simu chini. Kwa hiyo nitakuwa naongeza kila hatua ikiisha, na hela nitazitaja.

Nyumba iko Kunduchi Mtongani, Baba aliijenga kidogo kidogo tukahamia 1998 ikiwa haina hata siling bodi. Madirisha manane, sebuleni mawili, chumba cha Mama mawili, vyumba viwili vya watoto moja moja, jikoni na chooni. Yote ni luva, vile vioo vya kulala unavyovuta mkono vinafunguka kama mapezi ya samaki. Sasa miaka ishirini na sita ya upepo wa chumvi imemaliza vishikio, kioo kikidondoka tunaweka plaiwudi, na dirisha moja la watoto lina kipande cha jalada la kalenda. Nyavu zimechanika. 2019 Dar ilipokumbwa na dengi watu wawili humu ndani tulilala kitandani wiki nzima, na mbu wa dengi anauma mchana, chandarua cha kitandani hakikusaidii kitu, ndo tangu hapo nasema madirisha madirisha mpaka mwaka huu hela imepatikana. Kaka yuko Mwanza kachangia nusu.

Leo nimezunguka na bisibisi nagonga fremu. Chumba cha watoto wa kiume rangi ya nje nzima kabisa, nikabonyeza na kidole gumba kikazama mpaka kwenye kucha, ndani ni vumbi tu na njia za mchwa. Wa kike hivyo hivyo, sebuleni hivyo hivyo. Nikaenda chumba cha Mama nikagonga, bisibisi inaruka. Mninga. Kumbe Baba alianza na chumba chao akanunua mninga, hela ilivyokata kwingine kote akaweka paini na kupaka rangi moja ili isijulikane. Mama alikuwa anajua muda wote. Kacheka tu.

Na hapo hapo akatoa sharti, akasema fanyeni mnachotaka ila luva zangu msiziguse, mimi nalala na upepo. Nikamwambia Mama aluminiamu ndo ya kisasa, inasukumwa tu. Akasema sawa, sukumeni huko kwenu.

Jumamosi 20 Januari

Bei. Nimeuliza kwa mafundi watatu wa huku Tegeta, dirisha la futi tano kwa tano la kusukuma, kioo cha milimita 5, wavu wake, pamoja na kufunga. Wa kwanza 180,000, wa pili 230,000, wa tatu 300,000. Tofauti kubwa iko kwenye unene wa aluminiamu. Omba kipande cha sampuli ukibinye kwa vidole viwili, cha yule wa 180,000 kilibonyea kama kopo la soda. Wa 230,000 anatumia ya milimita 1.2, haikubonyea, nikamchukua huyo. Mtu akikutajia bei bila kukutajia unene hajakutajia bei.

Nimeagiza manne ya kusukuma ya tano kwa tano (sebule mawili, watoto mawili), jikoni futi nne kwa nne nalo la kusukuma, na luva ndogo ya chooni. Rangi kahawia. Fundi akasema atakuja kupima Jumatano, nikamwambia usihangaike fundi, mimi nitapima nikutumie. Akaniuliza, "Una hakika dada?" Nina futi kamba na nina macho, nitashindwaje.

Jumamosi 3 Februari

Siku mbaya. Nitaieleza yote kwa sababu hapa ndo kuna faida kwa atakayefuata.

Fundi na kijana wake wamefika saa tatu na dirisha la kwanza, la watoto wa kiume. Umeme hakuna, mgao, umekatika saa mbili na nusu. Tukakodi jenereta 30,000 na petroli lita tano. Kama unafanya kazi hii kipindi cha mgao hesabu jenereta tangu mwanzo, drili na grenda havifanyi kazi kwa dua.

Kutoa fremu ya zamani imechukua dakika ishirini, mtalimbo kidogo tu ikatoka vipande vipande na mchwa juu. Grili ilikuwa imefungwa kwa skrubu kwenye fremu hiyo hiyo, kwa hiyo fremu ilivyotoka grili ikatoka nayo, na mimi hili sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Saa tano asubuhi tuna shimo la futi tano kwa tano ukutani, hakuna mbao, hakuna chuma.

Basi wakanyanyua dirisha jipya. Chini limeingia vizuri. Juu halikuingia.

Fundi hakusema kitu, akachukua futi kamba yake. Chini sentimita 152. Katikati 150 na nusu. Juu 149. Ukuta umebana kuelekea juu na mimi nilipima chini peke yake, manake juu kulikuwa na boksi la pazia na ilibidi nipande kiti na nilikuwa nimechoka. Fremu imekatwa 151 na nusu. Nikasema tuchonge ukuta basi, ni sentimita mbili tatu tu. Fundi akakataa kata kata, akanionyesha kwa penseli mwisho wa lenta, ile boriti ya zege ya juu ya dirisha, unapokaa juu ya tofali pale pale kwenye kona, akasema hapa dada nikigonga tindo nyufa ukiziona mwezi wa sita usinipigie simu.

Kwa hiyo dirisha lilirudi Tegeta kwenye kirikuu kukatwa upya. Fremu rahisi. Vioo ndo shida, kukata ukanda mwembamba chini ya sentimita mbili kwenye kioo ni kamari, kimoja kilikubali kingine kikapasuka. 55,000 imekwenda kwa sababu sikupanda kiti.

Namna ya kupima, aliyonifundisha fundi wakati tunasubiri: upana mara tatu, chini, katikati, juu. Urefu mara tatu, kushoto, katikati, kulia. Unachukua ndogo kuliko zote, unapunguza sentimita moja. Halafu kona kwa kona, ile mistari miwili ya msalaba, ikitofautiana sana shimo lako limelala upande na utahitaji plasta kabla ya dirisha. Na kama fremu ya mbao bado ipo, chimba plasta kidogo pembeni uone tofali linaanzia wapi, usipime rangi.

Usiku tumepigilia marine bodi kwenye shimo, grili tukaifunga na waya wa kufungia nondo kwa ndani. Watoto wamehamia kwa Mama. Mimi nimelala sebuleni, saa nane nikasikia mtu anakohoa nikaruka, kumbe Mama amekaa kwenye kiti koridoni na mchi wa kinu mapajani. Nikamwambia kalale Mama. Akasema lala wewe, mimi sikupima dirisha.

Jumamosi 10 Februari

Dirisha la wavulana limeingia. La wasichana nimelipima upya mara tatu tatu, limeingia kama limezaliwa humo.

Grili hatukununua mpya. Tumepiga brashi ya waya, redi oksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) mikono miwili, rangi nyeusi, na mchomeleaji ameongeza masikio ya bapa pembeni ili zishike ukuta wenyewe badala ya fremu. Sikio moja lilipata skrubu karibu mno na ukingo, drili ikabomoa pua ya tofali, ikabidi kusogea ndani sentimita nane na kuziba kwa sementi. Skrubu za kufungia aluminiamu nunueni stenlesi hasa kama mko karibu na bahari, chuma cha kawaida kwenye chumvi kinaliwa haraka, na kikigusana na aluminiamu, aluminiamu yenyewe inaota unga mweupe. Ni ghali kidogo, boksi moja na fisha zake (vile vya plastiki vya kushikia skrubu ukutani) 36,000, lilitosha nyumba nzima.

Jumamosi 24 Februari

Madirisha ya sebuleni yamefungwa, yamenyooka, pima maji inakaa katikati. Nimemsimamia fundi kwenye silikoni. Nilitaka nyumba isiingie hata tone, nikamwambia ziba kila mahali, ndani nje, hata vile vitundu vya chini kwenye fremu. Fundi akasema, "Hapo ndo maji yanatokea dada." Nikamwambia mimi sitaki yaingie. Akaziba.

Halafu joto. Februari ya Dar mnaijua. Madirisha mapya mazuri, yanateleza kwa kidole kimoja, ila watoto wa kiume usiku wa pili tu wamebeba godoro wamerudi kwa Mama. Nikaingia chumbani kwao saa sita usiku, dirisha wazi, ni kama ndani ya chungu.

Hesabu yake ni ya darasa la tatu ila mimi sikuifanya. Dirisha la kusukuma lina vioo viwili, kimoja kinaenda nyuma ya kingine, kwa hiyo linafunguka nusu na wavu unakula tena kidogo. Luva inafunguka karibu yote. Nimetoa luva ya futi tano kwa tano nikaweka kitu kinachofunguka kama futi mbili na nusu kwa tano, halafu nashangaa. La kufungua kwa nje kama mlango lingenipa nafasi yote ila grili iko nje, linafungukia wapi.

Tulichofanya: juu ya milango ya vyumba kuna nafasi ambayo Baba aliiacha kwa ajili ya hewa, tukaiziba na plaiwudi sijui mwaka gani. Tumeng'oa plaiwudi tukapiga wavu, vyumba vyote viwili vimetugharimu 6,000. Sasa hewa ikiingia dirishani ina pa kutokea koridoni. Siyo kama zamani ila wamerudi kulala kwao. Na jikoni nimepiga simu haraka kabla hawajakata, nimebadilisha, naweka luva ya fremu ya aluminiamu, 130,000 badala ya 160,000. Moshi wa samaki utanishukuru.

Mama kaniuliza mara moja tu, "Na mnasema hii ndo ya kisasa?"

Jumamosi 9 Machi

Tumekimbizana na Ramadhani, Mama hataki mafundi ndani watu wamefunga. Jikoni na chooni tayari. Fundi mwashi kapiga plasta pembeni za madirisha yote siku tatu, 90,000, sementi mifuko miwili na mchanga pembeni.

Kosa la hapa: plasta imerukia fremu na hatukufuta siku ile ile. Asubuhi nimekuta mabaka meupe kwenye rangi ya kahawia, nimesugua kwa maji, kwa siki, kwa thina, thina ndo imeharibu zaidi. Sementi mbichi inachoma aluminiamu. Funikeni fremu kwa nailoni na solotepu pana kabla mwashi hajachanganya kitu, na kikiruka kidogo kifutwe kikiwa bado maji. Dirisha la sebule la kulia lina ramani ya Afrika kwenye kona ya chini, nimelifanyia mpango wa pazia refu.

Chumba cha Mama. Fremu za mninga zimebaki zilivyo, nimepiga msasa na vanishi. Tumebadilisha vishikio vya luva tu, jozi nne kwa 18,000 kila moja, za aluminiamu badala ya zile za bati zilizooza. Vioo vya luva viko 36, vilivyopungua au kupasuka 11, nimekatiwa dukani 3,500 kimoja. Waambie wasage ukingo, mara ya kwanza nilipewa vikali kama wembe nikajikata kiganja nikarudisha vyote. Jumla chumba cha Mama madirisha mawili: 110,500. Hiyo ni chini ya nusu ya bei ya dirisha moja la kusukuma, ngoja niiache hapo.

Jumamosi 6 Aprili

Masika. Usiku wa kuamkia Jumatano mvua ilikuja na upepo wa upande wa bahari, nimeamka kula daku nikakanyaga maji sebuleni. Zulia limelowa nusu. Silikoni nzima, kioo kizima, sasa maji yanapita wapi.

Asubuhi hakuna mvua, nikachukua jagi la lita mbili nikafungua dirisha nikamimina polepole kwenye reli ya chini. Nikakaa chini naangalia. Maji yakapanda kwenye reli. Yakapanda. Yakajaa mpaka ukingo wa ndani, yakatulia kama sekunde mbili yamevimba juu ya ukingo, halafu yakashuka ukutani kuja kwenye miguu yangu. Nje hata tone halikutoka. Vile vitundu.

Nilishika simu nikaiweka chini, nikaona kwanza nizibue ndo nimpigie fundi. Sindano ya kushonea godoro na kisu kidogo, kila dirisha lina vitundu vitatu kwa nje kwenye uso wa chini wa fremu, vyembamba kama punje ya mchele iliyolala. Cha kwanza kilivyozibuka yalitoka maji meusi na sisimizi na harufu ya bwawa. Kumbe reli ya dirisha la kusukuma lazima iingie maji mvua ikipiga, haikwepeki, kazi ya vile vitundu ni kuyarudisha nje. Mimi nilijenga beseni.

Nikamimina jagi tena. Yanatoka nje safi, nikafurahi, halafu nikaona yanatambaa kwenye kizingiti yanarudi chini ya fremu. Nikaweka pima maji, kile kipovu kimekimbilia upande wa nje. Kizingiti kinainama kuja ndani! Zamani mbao ilikuwa pana inafunika, haikuonekana.

Fundi kaja, nikamwambia ukweli kabla hajauliza. Kacheka mpaka kakaa. Halafu katuonyesha na silikoni yenyewe: ile niliyonunua mimi ya bei nafuu inayonuka siki inabanduka kwenye plasta kama ngozi ya maziwa, haishikani na sementi. Ya kutumia ni ile isiyonuka siki, dukani unasema nutro. Tumebandua ya nje yote tukarudia, jumla ya mirija mpaka leo 14 kwa 7,000.

Vizingiti vya sebule na vya watoto mwashi kavunja plasta ya juu kapiga upya vikiinamia nje, kama sentimita moja na nusu kutoka kwenye fremu mpaka ukingoni. Na kitu kimoja nimekipenda, chini ya ukingo wa nje plasta ikiwa mbichi kabonyeza nondo ya milimita 6 kwa urefu wote halafu kaitoa, ikaacha mfereji mdogo. Maji yakifika pale yanadondoka, hayawezi kupanda mfereji kurudi ukutani. Ufundi 60,000, sementi 16,000.

Jumamosi 20 Aprili

Idi imepita, nimekaa na risiti zote na daftari. Manne ya kusukuma 920,000. Luva ya jikoni 130,000 na ya chooni 45,000. Mama 110,500. Grili kuchomelea na rangi 123,000. Plasta ya Machi na vifaa vyake 162,000. Silikoni 98,000. Skrubu 36,000. Jenereta na petroli siku mbili 76,000. Kirikuu 25,000. Wavu wa juu ya milango 6,000. Kukata dirisha upya 55,000 na kurudia vizingiti 76,000. Jumla 1,862,500, na mimi nilimwambia Kaka 1,400,000. Alivyosikia akauliza laki nne na ushee zimeenda wapi, nikamwambia nyingine ziko juu ya kiti nisichopanda. Hakuelewa.

Ningeanza upya leo vyumba vya kulala vyote ningeweka luva za fremu ya aluminiamu, sebuleni peke yake ndo ningeweka ya kusukuma kwa sababu huko tuna feni mbili na wageni.

Jumapili 5 Mei

Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya hali ya hewa ilikuwa inatangaza tangu katikati ya wiki, boti za Zanzibar zikasimamishwa, jana kimetua upande wa Mafia. Huku kwetu ilikuwa upepo na mvua ya kulala, nazi zimedondoka kwa jirani, umeme ukakatika.

Nimekesha na tochi nikizunguka dirisha hadi dirisha. Sebuleni reli inajaa kidogo, inatoa, inajaa, inatoa, ukiweka sikio unasikia vitundu vinanyonya. Sakafu kavu. Wavulana kavu. Wasichana tone moja kona ya kulia, nimeweka alama ya penseli nitaangalia silikoni. Jikoni luva zimepitisha manyunyu, yameishia kwenye sinki.

Kwa Mama nimeingia saa saba nikitegemea kukuta bwawa. Luva hata zikifungwa upepo wa namna ile unasukuma maji kati ya kioo na kioo, hilo halina dawa. Nimekuta taulo mbili zimekunjwa vizuri kwenye kizingiti, ndoo chini, na kitanda kimesogezwa hatua moja kutoka ukutani. Alishajiandaa tangu alasiri, hakumwambia mtu. Nikakamua taulo, nikazirudisha, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama bado ameshikilia luva zake.

"Kamua na ile ya pili," akasema, "halafu ukitoka usifunge mlango, hewa inapita vizuri."